Dozi ya Katibu

Ukitaka kujifunza kuamka mapema, panga chumba Riruta. Maji ya mfereji huja alfajiri, na yakija, kila mlango wa ploti hufunguka. Ndoo hugongana, watu husalimiana, na kila mmoja anataka kujaza kabla maji hayajakatika. Joyline huwa mbele ya foleni. Anauza vitambaa vya pazia katika duka moja katikati ya jiji, na tajiri wake hasikilizi visingizio.

Mumewe anaitwa Were. Ni fundi wa mabomba. Naomba nimsifu mapema, maana mbele kidogo utamkasirikia. Were ni mtu wa neno lake. Akikwambia atakuja kesho asubuhi, kesho asubuhi utamkuta mlangoni, mkoba wa vifaa begani. Fundi wa namna hiyo Nairobi hutafutwa kwa tochi. Wenye nyumba za Muthangari hupeana nambari yake ya simu kama watu wanaopeana siri.

Joyline anamwonea fahari mumewe, na hafichi. Wanawake wenzake wakianza kulalamika juu ya waume zao, yeye huwaambia kwamba Baba Jeremy akishika jambo, huwa amelishika. Jeremy ni mtoto wao wa pekee. Wakati wa mambo haya alikuwa shule ya bweni.

Na kulikuwa na Katibu. Katibu alikuwa mbwa mkubwa wa jamii ya mbwa wa polisi, mgongo mweusi, masikio wima. Mwenyewe wa kwanza alikuwa Clifford, mteja wa Were kule Muthangari. Clifford alipohamia ng'ambo, Were alimleta mbwa huyo nyumbani akimvuta kwa kamba. Mwanzoni watu wa ploti walimwogopa. Kisha wakaona ajabu. Kila mkutano wa wapangaji ukiitishwa, mbwa huyo huja, huketi mbele karibu na mwenye nyumba, na haondoki mpaka mkutano ufungwe kwa maombi. Wakamwita Katibu, na jina likamkaa.

Joyline akitoka mjini jioni alimkuta Katibu langoni, kidevu juu ya miguu, anamngoja. Alimsimulia habari za siku kabla hajamsimulia mumewe. Usimcheke. Siku ya mtu wa dukani ni ndefu, na mbwa hakatizi mtu maneno.

Sasa sikiliza jambo moja la nyumba hiyo, maana kisa chote kimeanzia hapo. Zamani kidogo Were aliugua kifua kikuu, ugonjwa ambao wengi tunauita TB. Alikonda mpaka mashati yakampwaya. Kliniki wakampa tembe za miezi sita. Wiki za kwanza alitapika. Chakula kikamshinda. Hata mkojo wake ukageuka rangi ya machungwa, na nesi akamwambia asiogope, hiyo ni rangi ya dawa tu. Were alitaka kuacha. Joyline ndiye aliyemkalia. Kila asubuhi alisimama mbele yake, kikombe cha maji mkono mmoja, tembe mkono wa pili, na hakubanduka mpaka ameona zimemezwa. Were akapona. Mwili ukarudi, naye akarudi kwa mabomba yake.

Tangu wakati huo nyumba ile ilikuwa na sheria moja. Dozi haikatwi. Jeremy akipewa dawa ya koo, aimalize hata kama koo limepoa. Na kwa dawa kama hizo hawakukosea hata kidogo. Watu wa kliniki walimpenda Were kwa msimamo huo, wakamwomba awe anafika kuwatia moyo wagonjwa wapya. Mmoja wao alikuwa jirani yao pale pale kwenye ploti, Muema, fundi wa kuchomelea milango ya chuma. Kila asubuhi Muema aliingia kwa Were kunywa chai, akameza tembe zake za TB huku Were akimtazama. Akilalamika, aliambiwa neno moja tu: vumilia.

Basi umri ukamfikia Katibu. Akaanza kuchechemea. Akitaka kuinuka, miguu ya nyuma ilimkataa. Were hakumtafutia dawa za kubahatisha, na tembe za watu hakumpa. Alimpeleka kwa Daktari Waceke, daktari wa wanyama aliyekuwa na kliniki ndogo upande wa Muthangari. Daktari alimpapasa nyonga, akamnyoosha miguu, akasema viungo vimelika kwa uzee. Akatoa tembe za maumivu za mbwa, za kutosha wiki kadhaa. Akasema zitolewe pamoja na chakula, na kukiwa na shida yoyote apigiwe simu. Were akaitikia, akashukuru, akarudi na mbwa wake.

Na dawa ilifanya kazi, tuseme ukweli. Siku chache tu Katibu akaanza kutembea bila kuchechemea. Jioni moja alimkimbilia Joyline langoni kama mbwa mchanga. Joyline alifurahi mpaka akapita buchani siku iliyofuata kununua maini.

Kisha mambo yakageuka, polepole, kama mambo mabaya yanavyopenda. Katibu aliacha ugali wake. Siku iliyofuata akatapika. Joyline alimwita mumewe, wakasimama wakimtazama. Were akasema hata yeye alitapika wakati wake, tena sana, na angalia leo alivyo. Joyline alikumbuka zile asubuhi za kikombe na tembe. Alikumbuka jinsi alivyokaribia kumwonea huruma mumewe na kumwacha apumzike, na kama angemwonea huruma, leo angekuwa mjane. Akakaza moyo.

Kwa kuwa Katibu hakutaka chakula tena, tembe zilishuka tumboni tupu. Joyline ndiye aliyemfungua mdomo na kuziweka nyuma ya ulimi. Katibu hakupigana naye. Alimeza, kisha akamlamba kiganja. Alikuwa akinywa maji mengi sasa, karai zima, halafu analala.

Asubuhi moja Joyline alikuwa akifagia nyuma ya nyumba, akaona kinyesi cha Katibu. Kilikuwa cheusi, kinanata, kama lami. Alisimama na ufagio wake. Moyo ulimwambia kuna jambo. Lakini akakumbuka ule mkojo wa machungwa wa mumewe, na nesi akisema ni rangi ya dawa tu. Akajiambia na hii pia ni rangi ya dawa. Akakifukia, akawahi kazini.

Jioni moyo ulikuwa bado haujatulia. Alimuuliza mumewe kama hawafai kumpigia daktari.

"Tumsumbue kwa nini?" Were akasema. "Dozi imebaki kidogo tu. Tukiikata sasa, tumefanya kazi ya bure."

Joyline alikubali. Hakulazimishwa. Nyumba nzima ilikuwa imejengwa juu ya sheria ile.

Jumamosi Katibu hakuinuka. Joyline alimshika mdomo ili ampe tembe, akaona fizi zake zimekuwa nyeupe kama karatasi. Hapo hakuhitaji kuambiwa na mtu. Alipiga kelele, Were akatoka mbio. Mzee Gichuru, mwenye nyumba, alileta pikapu yake bila kuombwa. Wakamlaza Katibu nyuma juu ya gunia, Were akaketi naye na kumshika kichwa njia yote.

Daktari Waceke aliangalia zile fizi, akabonyeza tumbo kidogo, Katibu akaguna. Aliuliza choo chake kilikuwa cha rangi gani. Joyline akajibu. Daktari akafanya haraka kila alichoweza. Aliweka sindano ya maji, akachoma dawa, akaita msaidizi wake. Haikufaa kitu. Katibu alikufa pale mezani, kichwa chake kikiwa katika kiganja cha Were.

Watu wengi wangetafuta maneno ya kujifichia. Daktari Waceke hakutafuta.

"Tumbo lilipata kidonda, kidonda kikatoboka," akasema. "Ile rangi nyeusi ilikuwa damu. Damu ikipita tumboni hutoka nyeusi. Ni ile dawa ya maumivu iliyofanya hivyo."

"Dawa yako," Were akasema.

"Dawa yangu. Niliwaambia mnipigie kukiwa na shida. Sikuwaambia shida yenyewe inafananaje. Hilo kosa ni langu, na naomba mnisamehe."

Were alitaka kukasirika. Joyline alimwona akitaka. Lakini mtu akishakubali kosa lake mbele yako, hasira inakosa pa kushika. Were alisema tu kwamba wao waliyaona yote hayo, wakadhani ni dawa inafanya kazi. Akamfunika Katibu kwa koti lake la kazi.

Walimzika kando ya ua, pale ambapo Mzee Gichuru hupanda sukuma wiki. Joyline alilia wazi bila kujali nani anamtazama. Kuna watu walimshangaa, mbwa tu? Hao hawajawahi kungojwa langoni na mtu.

Were hakulia. Alikwenda kazini, akarudi, akala, akalala. Asubuhi hakuketi tena mlangoni na birika la chai. Alisema ana haraka. Joyline alijua si haraka, ni aibu. Mumewe alikuwa haamini tena maneno ya kinywa chake mwenyewe.

Na ploti nayo ilikuwa na mdomo. Mzee Gichuru alisimulia kwa kila aliyekuja kulipa kodi kwamba dawa ya hospitali imemuua Katibu, na kila aliposimulia alitia chumvi kidogo. Habari ilifika kila mlango.

Siku zikapita. Joyline akasikia kikohozi. Kilitoka ukutani, upande wa Muema, kikavu, cha kurudiarudia. Alikijua kikohozi hicho. Aliwahi kulala karibu nacho. Akagundua tena jambo lililomtia baridi: tangu mazishi ya Katibu, Muema hakuwa ameingia kwao kunywa chai hata mara moja.

Alimfuata kwenye karakana yake barabarani. Muema alikuwa ameinamia mlango wa chuma. Alipomwona, alivua miwani ya kuchomelea na kumsalimu kwa heshima kama kawaida yake.

"Muema, dawa unakunywa?" Joyline akauliza.

Muema aliutazama ule mlango wa chuma. "Mama Jeremy, mimi siwezi kukudanganya. Hiyo kitu nimeachana nayo."

"Kwa nini?"

"Katibu hakukatiziwa dozi. Mlikuwa mnampa kila siku, mimi nikiona kwa macho yangu. Sasa yuko wapi?"

Joyline aligeuka akaondoka. Alirudi nyumbani polepole. Unajua maana ya kuacha dawa za TB katikati? Joyline alijua. Wagonjwa waliokuwa wakikaa na Were kwenye benchi la kliniki, wengine waliacha, na wachache wao hawakurudi kabisa. Katibu alikuwa kaburini tayari. Sasa Muema alikuwa anamfuata, na aliyekuwa amemshika mkono mpaka hapo ni mumewe.

Alimkuta Were amekaa, anasafisha koki ya zamani. Alimweleza yote bila kupunguza. Were aliweka koki chini.

"Mimi nimwambie nini sasa?" akasema. "Maneno niliyomwambia Muema ndiyo yale yale yaliyomuua Katibu."

"Basi tafuta maneno mengine," Joyline akasema. "Mbwa tumeshampoteza. Huyu ni mtoto wa watu."

Hapo ndipo nataka umtazame Were vizuri. Mwanamume mwingine angesema Muema ni mtu mzima, ana akili zake. Mwingine angesubiri aibu ipoe. Were alichukua simu. Alimpigia mteja wake wa kesho yake akamwomba radhi kwamba hataweza kuja, jambo ambalo Joyline hakuwahi kumsikia akilifanya. Kisha akampigia Daktari Waceke. Akamwambia ana swali, na swali lenyewe halitoshi kwenye simu.

Daktari akasema hata yeye alikuwa amepanga kuja kutoa pole. Akaja siku iliyofuata mchana, na sukari na majani ya chai, kama mtu anavyoingia nyumba iliyofiwa. Wapangaji walichungulia kwenye madirisha. Were alikwenda mwenyewe karakana kumwita Muema, wakaja wote wawili. Muema hakukubali kuketi. Alisimama mlangoni, mkono kwenye fremu. Joyline, aliyekuwa ameomba ruhusa kazini, alimimina chai.

"Daktari," Were akaanza, "dawa moja niliimaliza, ikaniponya. Nyingine sikuikata, ikamuua mbwa wangu. Nieleze polepole. Mimi ni mtu wa mabomba."

Daktari Waceke alitabasamu kidogo. "Basi tuongee mabomba. Ukiingia nyumba imeziba kwa mizizi ya mti, utatoa nusu ya mizizi uende?"

Were akasema hapana, itamea tena.

"Dawa ya vijidudu ni hivyo. Ukiacha katikati, vinavyobaki vinakuwa sugu. Kwa dawa kama hiyo ni kweli, dozi haikatwi. Lakini dawa ya maumivu haifukuzi kijidudu chochote. Inafunga koki tu, maumivu yasipite. Shida ni kwamba koki hiyo hiyo ndiyo inayopeleka kinga kwenye tumbo na kusaidia figo. Unafunga chumba kimoja, kumbe umefunga nyumba nzima. Mbwa wengi huvumilia bila tatizo. Mwingine, hasa mzee, tumbo linachubuka au figo zinachoka. Ukiona hivyo, unafungua koki mara moja. Hakuna cha kumaliza."

Were aliitikia kwa kichwa. Aliielewa koki. Angeweza kuieleza yeye mwenyewe, na sasa alielewa kwamba hakuna aliyekuwa amemweleza.

Joyline aliuliza lile lililokuwa likimsumbua. Angejuaje? Daktari alimjibu bila haraka. Mbwa aliye kwenye dawa ya maumivu akikataa chakula, hiyo peke yake inatosha: usimpe tembe nyingine, piga simu. Akitapika au akiharisha, vivyo hivyo. Akinywa maji kuliko kawaida, akilala tu, macho au fizi zikiwa za manjano au nyeupe, usingoje jioni. Na kinyesi cheusi kama lami, hapo usipige hata simu, mlete. Akaongeza kwamba tembe hizo hazitolewi tumboni tupu, wala hazichanganywi na dawa nyingine ya maumivu. Tembe za watu zisimkaribie mbwa kabisa. Na mbwa mzee apimwe damu kwanza, ijulikane kama figo na ini vina nguvu.

"Katibu sikumpima," akasema. "Sasa nawapima. Na kila anayechukua dawa hizi kwangu namweleza dalili kabla hajaondoka, halafu nampigia mimi mwenyewe baada ya siku chache. Mbwa hatanipigia."

Muema alikuwa bado amesimama. "Na zangu je?" akauliza. "Za TB?"

"Mimi ni daktari wa wanyama," Waceke akasema. "Zako waulize waliokupa, na uende leo. Ila usiziache kwa uamuzi wako peke yako. Hilo hata mimi nalijua."

Muema alimtazama Were. Ilikuwa zamu ya Were sasa, na kila mtu mle ndani alijua. Joyline alishika birika akasahau kulitua.

"Muema," Were akasema, "mimi nilikufundisha nusu. Nilikwambia umalize, na hilo bado ni kweli, usiniache kwa hilo. Lakini kila uliponiambia kitu, nilikwambia vumilia. Sikukuuliza unavumilia nini. Nisamehe, ndugu yangu. Twende kliniki, mimi na wewe."

Kuna wanaume ambao wangekufa kabla ya kusema hivyo mbele ya wake zao, na mbele ya mgeni. Joyline alimtazama mumewe akahisi kumpenda upya, vile vile kama siku aliyomaliza tembe zake za mwisho.

Muema alitoa mkono kwenye fremu. Akaketi. Akaomba chai.

Kule kliniki nesi hakumgombeza. Alimuuliza ameacha kwa muda gani, akampima makohozi, akaeleza jinsi ya kuanza tena vizuri. Kisha akamuuliza swali jepesi tu: mbona uliacha? Muema alianza habari ya mbwa. Halafu akasita. Akasema kwa sauti ya chini kwamba kulikuwa na jambo jingine hata kabla ya mbwa. Miguu ilikuwa ikimfa ganzi, nyayo zinawaka kama anakanyaga makaa. Usiku hakupata usingizi. Hakumwambia mtu, kwa sababu aliambiwa avumilie.

Were aliyasikia hayo, akatafuta kiti.

Nesi akasema dawa mojawapo ya TB huweza kufanya hivyo, na tiba yake ipo, ni tembe ya vitamini. Muema angeipata mapema kama angesema. Akampa, na akamwonya tena asikatize zile za TB. Wiki chache baadaye moto wa nyayo ulipoa. Muema akarudi kunywa chai kila asubuhi, akimeza tembe Were akimtazama, ila sasa kabla ya kumeza aliulizwa amelalaje, amekula nini, mwili unasemaje. Miezi ilipotimia akapimwa tena. Kifua kilikuwa safi. Alichomelea lango jipya la ploti, akakataa kulipwa na Mzee Gichuru, na jambo kama hilo halimuumizi Mzee Gichuru hata kidogo.

Mzee Gichuru mwenyewe alikuwa na mbwa, jike mzee kule kwake nyumbani Dagoretti. Naye alipewa tembe za nyonga, baada ya kupimwa damu. Siku moja mbwa aliacha chakula. Yule yule mzee aliyetia chumvi habari ya dawa hakumpa tembe nyingine. Alipiga simu saa ile ile. Daktari Waceke akabadilisha matibabu, akashauri mbwa apunguzwe uzito na alale mahali pakavu. Mpaka leo yuko, anabweka, na majirani wanalalamika.

Were anaendelea kwenda kliniki kuzungumza na wagonjwa wapya. Mwezi uliopita Joyline alikuwa na mapumziko, akafuatana naye kumsikiliza. Alikaa nyuma kabisa. Watu walikuwa wamejipanga kwenye mabenchi, wamejifunika midomo, wengine wamekonda kama Were wa wakati ule. Were alisimama mbele na mikono yake ya fundi. Hakuanza na TB. Alianza na mbwa.

Alisimulia yote. Ugali ulioachwa, karai la maji, kile kinyesi cheusi.

"Dawa hizi mmalize," akasema. "Mimi nilimaliza, ndiyo maana nimesimama hapa. Lakini mbwa wangu hakuwa na mdomo wa kusema tumbo linamuuma. Mimi nilikuwa nao, nikanyamaza. Nyinyi mkiona jambo mwilini, msiache dawa, na msinyamaze. Njooni hapa mseme."

Hakuna aliyepiga makofi. Kwenye benchi la mwisho, karibu na Joyline, mwanamke mmoja aliyevaa leso alikuwa amekunja mikono muda wote. Aliinua mkono mmoja nusu, akaushusha, kisha akauinua tena.

"Mimi macho yangu yamekuwa ya manjano tangu juzi," akasema. "Nilidhani ni dawa inafanya kazi."

Nesi aliweka kalamu chini, akaja akamshika mkono, akaingia naye ndani.